Wanasoma Nota, ama Wanakusoma Wewe?

Rukia, dada yangu,

Nimekaa kwenye kibaraza cha mama yako hapa Koboko. Karatasi nimeilaza juu ya moja ya zile tabaga zake, sinia za kusukwa kwa ukindu, ile yenye nyekundu nyingi, ameigeuza ikawa meza yangu. Mwenyewe ametoka kwenda kumwona jirani aliyejifungua. Ameniachia maharage jikoni na amri moja: yasiungue. Kwa hiyo mwandiko ukibadilika ghafla ujue nimetoka kukimbilia sufuria.

Nina habari ya kukupa, na ni njema. Ungekuwa hapa ungeshanikata: "Poni, fika basi!" Hadithi ndefu zilikuchosha, uliniambia mimi huzunguka nyumba nzima kabla ya kuingia mlangoni. Leo huwezi kunikata. Niache nizunguke kidogo. Jambo hili nililibeba muda mrefu likiwa hofu, na sasa limenitoka kifuani nataka kulitazama lote, kuanzia mwanzo wake.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndicho tulichokuwa nacho sisi wawili. Wewe na Kinubi chako, mimi na Kibari changu, tukakutana hapo katikati. Ulinicheka kwa Kiswahili changu cha shule ya Kenya. "Wewe unaongea kama redio," ulisema. Na mimi nikakucheka kwa hicho chako cha Oli, mtaa wako kule Arua, ambacho kila kitu "iko": chai iko, mvua iko, mutu iko mlangoni. Siku hizi watoto wananiambia nimeanza kusema "iko" mimi pia. Sijui. Labda.

Ulinikuta nasuka nywele kwa jirani yako. Nilikuwa mgeni Arua, nimetoka kambi ya wakimbizi na chanuo na mfuko wa nyuzi. Kati ya kibaraza chetu na uwanja wako palikuwa na uzio wa mabati, na kila Jumamosi asubuhi, nyuma ya mabati, watoto walipiga makofi na kupaza sauti: "Mama, mama, la, la! Njoo, njoo! Gooool!" Mwanzoni nilifikiri ni mpira. Kisha vidole vyangu vikaanza kufuata, vikisuka kwa mapigo yale, mpaka mteja mmoja akaniuliza kwa nini namvuta kichwa kama anayecheza ngoma. Ndipo kichwa chako kikatokea juu ya mabati, kitambaa cha njano, jasho usoni.

"Wewe msusi! Iko pigo moja unakula. Kuja hapa nikuonyeshe."

Nikaja, chanuo bado mkononi. Nikaketi mkekani na watoto wa darasa la tatu, mtu mzima mwenye magoti marefu, nikafundishwa kuhesabu. Sijakwambia hili hata siku moja: ile ilikuwa mara ya kwanza tangu nivuke mpaka mtu kunirekebisha kitu bila kuniuliza kwanza nimetoka wapi.

Njia yako ya kufundisha niliipenda tangu siku ile. Vitabu vya Kiingereza vilitaka neno la silabi moja kwa kila nota ya pigo moja, na wewe ukahangaika, maana Kiswahili chetu hakina maneno mafupi hivyo. Ukalipata "la". Robo ni "la", pigo moja, kama mtoto anayekataa uji. Thumuni mbili, zile zilizoshikana mikono juu, ni "mama", haraka, zote ndani ya pigo moja. Nusu ni "njoo", unaivuta mapigo mawili, kama mtu anayeitwa kutoka ng'ambo ya mto. Na nota nzima, lile yai tupu lisilo na kijiti, ni "goool" ya mtangazaji wa redio, mapigo manne, mpaka pumzi iishe. Pumziko halikuwa na neno. Kidole midomoni, na pigo lake linapigwa moyoni. Watoto walilichukia pumziko. Isa, unamkumbuka, yule mwenye sauti ya jogoo, alikuwa akiliruka kila mara kama shimo barabarani.

Nilijifunza pamoja nao. Wewe ukanipa filimbi ya plastiki, kisha ukanipa watoto wadogo niwashike huku wewe ukiwa na wakubwa, na kabla sijajua nikawa mtu anayeitwa "Madamu Poni" sokoni na mama fulani aliyebeba samaki wakavu. Nikatazama nyuma kuona ni nani anaitwa.

Sasa lile jambo lenyewe.

Kiangazi kile kilikuwa kibaya tangu mwanzo wake. Vumbi, na moshi wa majani yanayochomwa upande wa Pajulu, kila siku jioni unashuka mpaka Oli. Pumu yako ilikuwa inakuja na kwenda kama mgeni aliyezoea nyumba, na sote tulikuwa tumeizoea, wewe kuliko wote. Safari hii ilikuja ikakaa. Hospitalini ulikuwa umeegemea mito, unaongea maneno mawili unapumzika, mawili unapumzika. Nilikuletea juisi ya ukwaju. Hukuinywa. Ulinishika mkono ukasema:

"Poni. Wale watoto. Wanasoma nota, ama wananisoma mimi?"

Nikakuambia wanasoma, bila shaka wanasoma, lala. Ukatikisa kichwa. Ukaniambia ulikuwa umeota darasa, umekaa nyuma yao badala ya mbele, na hakuna aliyejua la kufanya. Ulisema sote tunawaimbia kwanza. Mguu unapiga, kichwa kinapiga, midomo inaimba, mtoto anatutazama usoni na kutufuata, halafu tunasema amesoma. "Kama ni mimi wanasoma," ulisema, "basi nikiondoka sikuwafundisha kitu." Muuguzi akaja kukuwekea hewa, na hayo ndiyo yakawa maongezi yetu ya mwisho yenye maana. Asubuhi ulikuwa umeondoka.

Tulikuleta Koboko siku hiyohiyo. Wanaume walikubeba, sisi wanawake tukabaki uani, na mama yako, ambaye nilikuwa nimemwona mara chache tu, alinishika kifundo cha mkono tangu tulipofika hadi wanaume waliporudi kutoka makaburini. Hakulia kwa sauti. Alikuwa akiniuliza vitu vidogo: ulikuwa unakula nini, nani alikufulia hospitalini, ulikuwa umevaa soksi? Nikamwambia ndiyo, soksi za kijani. Akashukuru.

Jumamosi iliyofuata nilirudi Oli kufunga chumba chako cha darasa. Sikuwa na mpango mwingine. Nilifikiri nitakunja mkeka, nitakusanya filimbi, nitazipeleka kwa mama yako, nami nitarudi kwenye nywele. Nikafungua uzio nikakuta wamekaa. Wote, Rukia. Wamejipanga kwenye mkeka kama ulivyowazoesha, warefu nyuma, filimbi mapajani. Hakuna aliyewaita. Ayikoru alikuwa amefagia. Yule mtoto anayejificha nyuma ya wenzake na kupiga kila kitu sekunde moja baada ya jirani yake, ndiye aliyefagia.

Nikaingia, ningefanya nini? Nikachukua filimbi. Tukapiga nyimbo zako zote. Walizipiga vizuri kuliko ulipokuwepo, wazi kabisa, safi, mpaka mabatini watu wakasimama kusikiliza. Na hapo ndipo hofu iliponiingia. Kwa sababu nilitazama, na nusu yao walikuwa wamefumba macho. Karatasi zenye nota ziko mbele yao na wao wamefumba macho.

Nikageuka ubaoni nikachora mistari mitano, nikaandika mstari mpya, mwepesi sana, wa kitoto. Robo nne. Nusu mbili. Basi. Nikawaambia, "Haya, someni."

Wakanitazama usoni.

Nikaonyesha ubao. Wakatazama ubao, wakanitazama tena usoni. Walikuwa wananingoja. Isa akainua mkono: "Madamu, Madamu Rukia alikuwa anaimba kwanza."

Sijui kama unaweza kuelewa nilivyojisikia. Au wewe ndiye mtu pekee unayeweza. Nilimwona yule mtu katika ndoto yako, aliyekaa nyuma ya darasa.

Nikajaribu kila kitu. Wiki iliyofuata niliwanyima. Nilisema leo siimbi, leo kila mtu atasoma mwenyewe. Wadogo wawili walilia. Mama wa mmoja wao akaja kuniambia kwa upole, na upole wake ndio ulioniuma, kwamba mtoto anasema darasa limekuwa kama mtihani. Nikajaribu kuwageuza wauelekee ukuta. Nikajaribu kusimama nyuma ya pazia nikipiga mguu, wakawa wanasikiliza mguu. Halafu nilipoona nyuso zao zimekunjamana nikalegea, nikaimba kidogo tu, silabi ya kwanza tu, "la", na papo hapo chumba kizima kikafunguka, wakapiga mstari wote kwa kunifuata, wakacheka kwa furaha, na mimi nikacheka nao, huku ndani nimeshindwa. Kila Jumamosi nilishindwa hivyo. Nilikuwa nikirudi nyumbani kwa miguu, naiacha bodaboda ipite, najiambia: basi, jibu la swali lake ninalo, na jibu ni baya. Walikuwa wakimsoma Rukia, na sasa wananisoma mimi, na mimi sisomeki vizuri.

(Nimerudi. Maharage yako salama, nimeongeza maji.)

Katika hali hiyo ndipo mwalimu mkuu wa shule ya msingi hapa Koboko aliponipigia simu. Mama mmoja mnene wa sauti nzito, anaitwa Madamu Salome. Kumbe ulikuwa umemwahidi. Ulikuwa umemwambia kwamba likizo ikianza utaleta watoto wa Arua waje kupiga na kuwaonyesha watoto wake nota, ili ufungue darasa la pili huku nyumbani, karibu na mama yako. Hukuniambia. Nafikiri ulitaka kunifanyia mshangao, au ulitaka kwanza uhakikishe mama yako angekubali. Madamu Salome aliniambia, "Najua ametutoka. Lakini watoto wangu bado wanauliza. Mnakuja, ama niwaambie imekufa pia?"

Nilitaka kusema imekufa. Neno lilikuwa mdomoni. Nikasema tunakuja.

Mpango wangu ulikuwa wa kujificha, nakuambia kweli. Tupige nyimbo tatu wanazozijua, watu wapige makofi, tunywe soda, turudi Arua. Kusoma kwa watoto wengine tungezungumza siku nyingine. Lakini mafua yalikuwa yamenianza siku mbili hizo, na njiani madirisha ya gari yalikuwa wazi kwa ajili ya joto, vumbi likaingia, watoto wakaimba kuanzia Oli hadi Koboko na mimi nikaimba nao kama mjinga. Tulipofika na kushuka, Madamu Salome akanisalimu, nikafungua mdomo kumjibu, na hakukutoka kitu. Hewa tu. Nikajaribu tena. Ikatoka sauti kama ya mlango wa jikoni. Isa alicheka mpaka akakaa chini.

Wakatuingiza darasani. Dada, darasa lilijaa. Watoto wa Koboko kwenye madawati, wengine madirishani, na nyuma kabisa, kwenye kiti cha plastiki alichopewa kwa heshima, mama yako. Sikumtegemea. Unajua mwenyewe kwamba hakuwahi kuja Oli hata mara moja kukusikiliza. Alikutaka uwe muuguzi, na nadhani kila filimbi uliyonunua aliiona kama sare ya uuguzi uliyoikataa. Alikuja na mtandio wake mweupe, akaketi wima, mikono mapajani, kama mtu aliyeitwa ofisini.

Wakapiga nyimbo tatu. Makofi. Nikashusha pumzi, nikafikiri tumemaliza. Kisha msichana mmoja wa Koboko wa dawati la mbele akauliza, kwa sauti kubwa, "Hizo alama kwa karatasi iko inasema nini?" Na Madamu Salome akafurahi, akapiga meza: "Haswa! Mwalimu, tuonyeshe. Tuandikie kitu kipya, waliosoma wasome, sisi tuone."

Sikuwa na sauti ya kukataa. Hebu fikiria. Ningekuwa na sauti ningetoa sababu, nina nyingi. Nikapewa chaki. Nikachora mistari mitano haraka haraka, ikawa kama mawimbi. Nikaandika bila kufikiri, kitu ambacho hakikuwa wimbo wowote: thumuni mbili, thumuni mbili, robo, pumziko. Nusu, robo, robo. Robo, pumziko, thumuni mbili, robo. Na mwishoni yai tupu. Zote kwenye mstari mmoja, sauti moja, ili angalau wasihangaike na vidole. Nilipomaliza nikaona nimeweka mapumziko mawili, mambo yale yale wanayoyachukia, nikatamani kuyafuta.

Nikageuka. Wakanitazama usoni, kama kawaida.

Nikafungua mdomo. Nilikuwa nataka kuwaimbia, Rukia. Mbele ya mama yako na madawati yote yale sikuwa na ushujaa wowote, nilitaka kuwapa "la" yao. Ikatoka hewa. Nikajaribu kupiga pigo kwa kichwa, lakini kifua kikanibana kwa kikohozi nikalazimika kugeukia ukuta, nikikohoa, mgongo kwao, machozi ya kikohozi yakinitoka.

Na nyuma yangu kukawa kimya. Kimya kibaya. Nikasikia madawati yanalia watoto wa Koboko wakijisogeza. Nikasikia mtu anacheka chini chini. Nikawaza, haya, ndiyo hii ndoto yako.

Halafu sauti ndogo ikasema, "Mama."

Ikanyamaza. Kisha: "Mama... mama... la."

Sikugeuka. Niliogopa kugeuka, kwamba nikigeuka mwenyewe atanitazama usoni na sauti itakatika. Ilikuwa Ayikoru. Ayikoru, Rukia! Alikuwa ameinuka mwenyewe, amefika ubaoni, na anagusa kila nota kwa kidole chenye chaki, kama mtoto wa darasa la kwanza anayesoma herufi. "Mama, mama, la," akaweka kidole midomoni, akangoja. Akaenda mbele. "Njo-o. La. La. La..." Akataka kuendelea, akasimama. Akarudi nyuma. Kidole midomoni. Alikuwa ameliona pumziko la pili mwenyewe. "La. Kimya. Mama. La." Na mwisho akatazama lile yai tupu, akatabasamu, nikaliona tabasamu lile kwa pembe ya jicho maana nilikuwa nimeshageuka bila kujua, akasema kwa sauti ya kujiaminisha: "Gooool."

Watoto wa Koboko walilipuka. Walifikiri ni goli kweli.

Na wenzake wakaamka. Sikufanya kitu, nakuapia. Nilikuwa nimeegemea ukuta na leso mdomoni. Isa akasema, "Tena, kwa filimbi," akahesabu mwenyewe, moja mbili tatu nne, wakapiga wakitazama ubao. Mara ya kwanza wakagongana katikati, na Isa mwenyewe akaruka pumziko lake la kawaida, na Ayikoru akamgeukia akamkazia macho na kumwekea kidole midomoni kama bibi yake. Mara ya pili ikatoka. Ilikuwa sauti moja tu, wala haikuwa wimbo, ilikuwa kama mtu anayebisha mlango kwa mpangilio. Sijasikia kitu kizuri kuliko hicho maisha yangu yote.

Kisha nikaona jambo ambalo sikulitegemea. Yule msichana wa dawati la mbele aliomba chaki. Akachora, vibaya, mayai na vijiti vyake, akawageukia watoto wa Arua: "Hii sasa?" Wakasoma. Akafuta, akachora nyingine. Wakasoma. Akaandika moja yenye mapigo matano na Ayikoru akamwambia, kwa adabu sana, "Iko moja imezidi."

Nilitoka nje. Mama yako alinifuata, akanikuta nimekaa kwenye ngazi za darasa, akafikiri nimeugua, akanishika paji la uso. "Mbona unalia?" Nikamnong'oneza, maana ndicho nilichoweza: "Mama, wanasoma." Hakuelewa. Akakaa hapo ngazini kando yangu, na nikamweleza kwa manong'ono yote, swali lako la hospitalini, na wiki zangu zote za Oli. Alisikiliza akiwa ameinamisha sikio karibu na mdomo wangu. Ndani walikuwa bado wanapiga makofi na kupiga kelele, "njoo, njoo."

Akasema, "Kwa hiyo huyu mtoto wangu alikuwa mwalimu kweli."

Nikasema ndiyo.

"Mimi nilidhani iko anacheza," akasema, na akacheka, Rukia, kicheko kidogo kikavu, kisha akakifuta kwa mtandio. Ndiyo mara ya kwanza niliyomsikia akicheka.

Nimefikiri sana tangu siku ile. Nadhani ulikuwa umeshawafundisha zamani. Yote yalikuwemo ndani yao, robo na nusu na vile vidole vya kimya. Tulikuwa tu hatujawahi kuwaacha. Tuliwapenda kwa haraka mno, kila walipositasita tukawahi kuwaimbia. Kama mafua yasingenikamata ningewaimbia siku ile pia, na leo ningekuwa bado sijui. Sikulaumu, wala sijilaumu sana. Nimechoka kujilaumu, na sababu imekwisha.

Basi hiyo ndiyo habari. Wanasoma nota, dada. Hawakusomi wewe. Nikiiandika hivi nahisi kama mtu aliyeshusha mtungi kichwani baada ya mlima, shingo haijazoea bado, inataka kuendelea kubeba.

Yaliyobadilika mengine ni haya. Uzio wa mabati kule Oli umeondolewa upande mmoja, jirani ametuachia kibaraza chake siku za Jumamosi kwa sababu tumezidi. Nasuka nywele siku za katikati ya wiki, na wateja wangu wawili wameanza kuleta watoto. Hapa Koboko Madamu Salome ametupa darasa moja Jumapili alasiri, baada ya mimi kutoka kanisani na kabla ya mama yako kwenda kuswali Magharibi, na mama yako amejipa kazi mlangoni: anayechelewa anamjua. Nota hazijui bado, lakini ameshajua "njoo" ni ndefu kuliko "la", na majuzi alimwambia mtoto mmoja, "Usinipe robo nikikuita, nipe nusu." Nalala hapa Jumapili usiku, kwenye kitanda chako. Ananitandikia mwenyewe. Anapika gurusa, zile chapati zenu nyembamba, asubuhi na kuniuliza kama nimevaa soksi.

Nakukosa sana saa za kupumzika, darasa likiisha, watoto wakiondoka, ule wakati tuliokuwa tunakunja mkeka pamoja, wewe upande huu na mimi upande ule, na wewe unaanza kusema mabaya ya kila mtu aliyepiga vibaya. Hakuna wa kusema naye mabaya. Mama yako anawatetea wote.

Jana nilifanya jambo peke yangu. Nilifungua kitabu chako cha nyimbo kurasa za mwisho, zile ambazo hukufika kunifundisha, zenye nota nyeusi zenye mikia miwili, nne ndani ya pigo moja. Nilikuwa nikizifunika haraka kila nilipozifikia. Hakuna aliyewahi kuniimbia ukurasa ule. Nikakaa hapa kibarazani na filimbi, nikaanza kuhesabu kwa mguu, polepole kama mgonjwa anayejifunza kutembea. Nilifika mstari wa pili kabla vidole havijachanganyikiwa. Mstari mzima wa kwanza, Rukia, bila sauti yako ndani yake. Nilitazama pembeni kukuonyesha.

Sisi kanisani tuna maneno yetu kwa walioondoka, na mama yako ana yake, na kila mmoja wetu huyasema kwa zamu yake bila kumsumbua mwenzake. Mimi nakuaga hivi: pumua vizuri huko uliko, kifua wazi, bila vumbi wala moshi. Huna deni kwetu la wasiwasi tena. Na ahadi yangu ni hii, nimeiandika ili nisiikimbie: kabla kiangazi kingine hakijafika nitaumaliza ukurasa wote, kisha nitaufundisha Oli na Koboko, na nitakaa nyuma ya darasa.

Ni mimi, msusi wako,
Poni